Laiti Ingerudi ya Buluu: Uhakiki wa Tamaa Moja ya Birmingham

Katika safu hii tumezoea kuhakiki vitabu, na mara moja moja tamthilia au kanda ya taarabu. Safari hii mtatuwia radhi, maana tunachokihakiki si kitabu. Ni chombo cha chuma, na zaidi ya chombo chenyewe, ni tamaa waliyo nayo watu juu yake. Chombo ni rivolva, yaani ile bastola ya kizamani yenye silinda inayozunguka na kubeba risasi sita. Tamaa ni kwamba laiti kiwanda kingezifufua zile rivolva za zamani zilizotiwa buluu, na kuziuza kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu.

Msidhani hii ni tamaa ya Wamarekani peke yao. Tuliisikia hapa hapa Small Heath, katika baraza yetu ya Jumamosi, kinywani mwa mzee wetu wa Mombasa ambaye maisha yake yote hajamiliki silaha, hata manati. Mzee huyu alifika mji huu miaka ya 1960 akiwa kijana, akaajiriwa katika karakana moja ya kung'arisha chuma. Kazi yake ilikuwa kusugua vipande vya bunduki kabla havijatiwa buluu. Karakana hiyo haipo tena na jina lake halina haja hapa.

Ilikuwaje? Mjukuu wake, kijana wa miaka ishirini, alitoa simu akatuonyesha picha ya bastola ya gesi aliyotaka kuinunua, iliyofanywa kwa sura ya rivolva ya Webley ya vita vya kwanza vya dunia. Mzee akavaa miwani, akaitazama, akamrudishia simu yake.

“Hii si buluu, mwanangu,” akasema. “Hii ni rangi ya sufuria.”

Kisha akaanza kusema. Kwamba Webley ilifanywa mji huu. Kwamba laiti wenye jina hilo leo wangeifanya tena kama ilivyokuwa, kwa chuma kile na buluu ile, hata kama ni ya kuzibwa mtutu isipige kitu, naye angeinunua akaitundika ukutani wajukuu waone babu yao alikuwa fundi wa nini. Lakini iwe kwa bei ya haki, si bei ya malodi.

Hapo akaingia bibi yetu mmoja wa Tanga, ambaye aliishi Aston miaka mingi. “Mzee, nakuheshimu,” akasema. “Lakini mji huu umekosa kitu cha kufufua ila bastola?” Akamgeukia kijana. “Nawe, mwanangu, ukikutwa nayo njiani usiku, polisi hawatauliza kwanza kama ni ya gesi.”

Baraza ikagawanyika, chai ikapoa. Sisi tuliokuwa katikati tuliona kila mmoja ana haki kwa upande wake, tukaahidi kuliandika jambo hili. Ahadi ni deni, na hapa tunalilipa.

Buluu yenyewe

Kwanza tuitambue buluu, kwa sababu wengi hudhani ni rangi ya kupaka. Siyo. Buluu ya bunduki ni kutu. Chuma kikipata unyevu huota kutu nyekundu, ile inayotafuna mabati yetu kule pwani, nayo haikomi mpaka chuma kiishe. Lakini ipo kutu ya namna ya pili, nyeusi yenye kuelekea buluu, ambayo hukaa juu ya chuma kama ngozi nyembamba na kushika mafuta. Ufundi wote ni kuigeuza ile ya kwanza iwe hii ya pili.

Njia ya kale ni ya polepole. Chuma kilichosuguliwa hupakwa dawa ya kukiotesha kutu, huachwa saa kadhaa penye unyevu, huchemshwa katika maji mpaka wekundu ugeuke weusi, kisha husuguliwa kwa brashi laini. Halafu fundi huanza upya, na huenda akarudia mara tano, sita au zaidi. Njia nyingine ya kale ni kukipasha chuma moto kati ya makaa. Njia ya viwandani iliyokuja baadaye ni kukitumbukiza katika maji yenye kostiki soda na chumvi nyingine, yaliyopashwa moto wa kama nyuzi 140, na hiyo ni kazi isiyofika saa moja.

Mzee alitufundisha jambo ambalo hatukulijua. Dawa haileti uzuri, dawa hufichua tu kilichokuwapo. Penye mkwaruzo buluu itaonyesha mkwaruzo, na penye bonde itaonyesha bonde. Uzuri hutiwa kabla, kwenye gurudumu la kung'arishia, na mtu anayesimama mbele yake kutwa nzima, vumbi la chuma likimwingia puani. Akikandamiza mno, kona kali za chombo hulainika kama sabuni iliyotumika na maandishi yaliyochongwa hufifia. Akikandamiza kidogo mno, alama za tupa hubaki. Kipimo cha kazi nzuri, alisema, ni kona. Ukiona buluu nyeusi yenye kumeta kama unyoya wa kunguru juani, na kona bado zinakata, ujue pale palisimama mtu aliyejua kazi yake.

Sisi tuliosomeshwa kupima shairi kwa vina na mizani hatukuona shida kumwelewa. Kanuni ni ile ile: pambo huonyesha kazi iliyo chini yake, wala haliifichi.

Webley kwa macho ya mhakiki

Tuipe Webley haki yake. Kampuni ilianzia kwa Philip Webley, fundi wa Weaman Street, katika ule mtaa wa Birmingham unaoitwa Gun Quarter, yaani mtaa wa mafundi bunduki. Jeshi la Kiingereza lilipokea rivolva yake ya kwanza mwaka 1887, na ile mashuhuri zaidi, Mark VI, mwaka 1915. Mwaka 1897 kampuni iliungana na wenzake ikawa Webley & Scott.

Mark VI haina umbo la kupendeza kwa mtazamo wa kwanza. Ina uzito wa zaidi ya kilo moja, mpini wake ni wa pembe na umevishwa mpira mgumu mweusi, na pembeni ina komeo kubwa kama la mlango wa banda. Lakini ukibonyeza komeo hilo, mtutu huinama mbele na maganda sita yaliyokwisha kutumika hunyanyuliwa na kutoka yote kwa mara moja. Kila kipande kina sababu ya kuwapo. Ilikusudiwa mkono uliolowa matope, tena gizani. Kama kazi ya ufundi, hatuoni la kuikosoa.

Kama chombo, kazi yake ilikuwa kumwua mtu aliye karibu kiasi cha kuonekana uso. Mhakiki anayetaja komeo na asitaje hilo ni kama anayesifu vina vya shairi la matusi.

Webley & Scott iliacha kutengeneza silaha za risasi mwaka 1979, ikabaki na bunduki za upepo, mpaka mwisho wa mwaka 2005 ilipofunga kazi. Jina likauzwa. Kabla ya hapo sheria ilikuwa imekwisha kubadilika: baada ya mauaji ya watoto 16 na mwalimu wao katika shule ya Dunblane huko Scotland, tarehe 13 Machi 1996, Bunge lilipitisha sheria mbili mwaka 1997 zilizopiga marufuku takriban bastola zote kwa raia wa Uingereza bara. Watu walisalimisha bastola zaidi ya 160,000. Basi anayetamani Webley mpya katika mji ulioizaa Webley anatamani kitu asichoweza kukimiliki kikiwa hai. Mzee wetu analijua hilo, ndiyo maana alisema ya kuzibwa.

Tulipoipata tamaa

Twajiuliza: sisi watu wa pwani na bara ya Afrika Mashariki, tamaa hii tumeipata wapi? Wengi wetu tuliiona bastola kwanza katika kitabu, si kiunoni mwa mtu. Waliosoma miaka ya 1970 na 1980 watakumbuka riwaya za Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona ya mwaka 1974, na yule mpelelezi wake Willy Gamba. Vitabu vile vilipita mkono kwa mkono mabwenini mpaka majalada yakang'oka. Kwa Willy Gamba bastola ni sehemu ya mavazi, kama suti. Na tusimcheke mwandishi. Zilikuwa enzi za vita vya ukombozi kusini mwa Afrika, na kijana wa Kiafrika mwenye bastola, anayewashinda majasusi wa makaburu, alikuwa jibu kwa filamu zote ambazo ndani yake Mwafrika alikuwa mbeba mizigo tu.

Lakini tunaye mpelelezi mwingine aliyemtangulia. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960, ana kiko na ana akili. Anakaa, anavuta, anauliza swali dogo, na mambo yanafunguka. Ukitaka kujua tumebadilikaje katika miaka kumi na minne, wasomeni wawili hawa kwa kufuatana. Sisi tunampenda Willy Gamba kwa mbio zake, lakini kitabu tunachorudia kukisoma ni cha Bwana Msa.

Tena tazameni lugha yenyewe. Kiswahili kina korofindo, gobore, bunduki ya gumegume, baruti, fataki, mtutu na kushindilia. Ni msamiati wa watu walioshika silaha za kizamani kwa muda mrefu, tena si kwa kupenda. Mwaka 1888 balozi wa Kiingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha za moto za kila aina kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia sehemu zetu kwa mwaka. Kisha ukaja Mkataba wa Brussels wa 1890. Pamoja na mambo yake ya kuzuia biashara ya watumwa, mkataba huo ulifunga mlango kwa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha upenyo kwa zile za gumegume zisizo na mistari ndani ya mtutu. Kwa hiyo miaka ile ile ambayo ofisa wa Kiingereza alikuwa anavaa Webley yake ya buluu, babu yetu aliruhusiwa gobore. Walipoinuka Wamajimaji mwaka 1905, wengi wao walikwenda na mikuki na magobore mbele ya bombomu za Wajerumani.

Bei ya haki ni ipi?

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha tamaa yenyewe. Neno zito ndani yake ni bei. Kila mwenye tamaa hii husema zamani vitu hivi vilikuwa vizuri na rahisi. Tuupime usemi huo kwa mfano ambao bei zake zinajulikana.

Mwaka 1955 kampuni ya Colt ya Marekani ilitoa rivolva iitwayo Python, iliyosifiwa kwa buluu yake kuliko zote. Bei ilikuwa dola 125. Mwaka 2020, baada ya kuiacha kwa miaka mingi, Colt iliirudisha kwa dola 1,499, na ilirudi kwa chuma cheupe kisichoshika kutu. Buluu iliachwa isubiri. Watu wakalalamika. Lakini dola 125 za mwaka 1955, ukihesabu kupanda kwa bei za vitu, ni kama dola 1,200 za mwaka 2020. Na ukihesabu kwa jasho, kima cha chini cha mshahara wa Marekani mwaka 1955 kilikuwa senti 75 kwa saa, hivyo mtu wa kipato hicho angefanya kazi saa 167 kuipata Python. Mwaka 2020 kima kilikuwa dola 7.25, na saa zinakuwa 207.

Kwa hesabu zote mbili bei imepanda kwa karibu robo, tena bila buluu. Basi walalamikaji hawakusema uongo mtupu. Lakini pia haikuwa rahisi kamwe. Mtu wa chini alihitaji mshahara wa mwezi mzima wakati ule, na anahitaji zaidi ya mwezi sasa. Kilichokuwa rahisi ni kitu kingine, nacho ni mkono wa aliyeifanya.

Turudi Birmingham tuone. Gun Quarter haikuwa kiwanda kimoja. Ilikuwa mamia ya vibanda na vyumba vya uani, kila kimoja na kazi yake: huyu mitutu, huyu mitambo, huyu vitako, huyu kuchonga nakshi, huyu kung'arisha. Kazi ilihama kutoka uani hadi uani. Mitutu ilipelekwa nyumba ya majaribio, Proof House, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1813 na ambayo mpaka leo inafanya kazi pale Banbury Street. Mgawanyo huo ulishusha gharama kwa sababu kila fundi mdogo alishindana na jirani yake, na siku isiyo na kazi ilikuwa siku isiyo na mkate. Mwaka 1859 kiwanda cha fataki za bunduki kilicho Whittall Street kililipuka na kuua watu wapatao 20, wengi wao wanawake na wasichana. Wao pia wamo katika ile bei ya zamani.

Mzee wetu alipoulizwa alilipwaje, alicheka. Alisema kazi ya gurudumu waliachiwa wageni, kwa sababu ya vumbi. Kifua chake hakijapona vizuri. Hakusema zaidi, nasi hatukumchimba.

Na upande wa pili wa bei ni mnunuzi. Kitu hufanywa kwa wingi kikipata soko kubwa, na soko la Birmingham lilikuwa dola nzima. Mafundi wa mji huu walitengeneza bunduki za biashara ya Afrika tangu enzi za biashara ya watumwa, na baadaye bastola za maofisa waliotumwa kututawala. Vita vya 1914 hadi 1918 vilipofika kwetu, wanaume wetu walikusanywa kwa makumi ya maelfu kuwa wapagazi wa Carrier Corps, wakabeba chakula na masanduku ya risasi kutoka pwani mpaka Ruvuma na kuvuka. Makumi ya maelfu hawakurudi, wengi kwa maradhi na njaa. Jina lao limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Ofisa aliyetembea kando ya msafara alikuwa na rivolva kiunoni, na mara nyingi ilitoka mji huu tunaoishi.

Kwa hiyo anayesema “irudisheni kwa bei ile” anaomba vitu viwili visivyokaa pamoja. Uzuri ulitokana na mkono uliofunzwa miaka mingi. Urahisi ulitokana na mkono huo kulipwa kidogo na soko lililoshikwa kwa nguvu. Ukimlipa fundi haki yake, bei hupaa. Ushahidi upo: Westley Richards, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1812, ingali ikifanya bunduki za kuwindia kwa mkono hapa Birmingham, kazi nzuri isiyo na shaka, na wanunuzi wake ni matajiri. Gharama ni chumba, ni vumbi, ni kijana wa kufundishwa. Cha mtu mavi, wasema wahenga, na cha kufanyiwa na mtu kwa mkono kina bei yake.

Zilizofufuka kweli

Bibi yetu wa Tanga hakuhitaji hesabu hizi. Yeye alikuwa na kumbukumbu. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Januari 2003, wasichana wawili waliokuwa katika sherehe ya mwaka mpya waliuawa kwa risasi Aston, nje ya saluni. Silaha iliyotumika ilikuwa ya rashasha, haikuwa rivolva, na hatutaki kuchanganya mambo. Lakini waliolea watoto mitaa ile miaka ile hawawezi kuitazama bastola kama pambo la ukuta, na hatuna haki ya kuwaomba waitazame hivyo.

Kisha lipo jambo ambalo wapenzi wa vitu vya kale hawapendi kulitaja. Rivolva za zamani zilifufuliwa kweli hapa Uingereza, nazo zilifika Birmingham. Sheria ilikuwa inaruhusu kumiliki silaha za kale bila leseni, kama pambo au kumbukumbu, ikiwa risasi za aina yake hazitengenezwi tena. Kilichozizuia zisiue ni kukosa risasi tu. Mwuza silaha mmoja wa Gloucestershire, mtu mwenye leseni na ujuzi mkubwa, akawa anatengeneza risasi hizo nyumbani kwake kwa mkono, zikaingia mikononi mwa magenge pamoja na rivolva za karne ya kumi na tisa. Polisi waliunganisha kazi yake na zaidi ya matukio 100 ya uhalifu. Mwaka 2017 mahakama ya Birmingham ilimhukumu kifungo cha miaka 30. Mwezi Machi 2021 zikaanza kutumika kanuni mpya zilizoondoa aina saba za risasi katika orodha ya zile zilizohesabiwa kuwa zimepitwa na wakati.

Twamtafakari mtu huyu kwa huzuni ya namna ya pekee. Alikuwa na kile mzee wetu anachokililia: mkono, subira, mapenzi ya kazi ndogo ndogo ya chuma. Ufundi haukumfanya mwema. Ulimfanya hodari tu.

Nini kirudi?

Majina hurudi kwa urahisi. BSA, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1861 na mafundi bunduki wa mji huu na kujenga kiwanda chake Small Heath, ilitupa baiskeli na pikipiki zenye alama ya bunduki tatu zilizoegemezana. Mwezi Desemba 2021 jina hilo lilirudi juu ya pikipiki mpya ya Gold Star, iliyozinduliwa hapa Birmingham na kutengenezwa India chini ya jamii ya makampuni ya Mahindra. Jina la Webley nalo lilipelekwa India, jimbo la Uttar Pradesh, ambako mwaka 2020 ilitangazwa kwamba rivolva yenye jina hilo itatengenezwa kwa ajili ya soko la huko. Basi tamaa ya mzee imekwisha kujibiwa nusu, na amejibiwa na nchi ambayo nayo ilitawaliwa kwa Webley. Dunia ina mzaha wake.

Hata jina la mtaa lilikwenda likarudi. Mwaka 2011 halmashauri ya jiji iliiondoa Gun Quarter katika majina yake, ikaupa mtaa majina ya watakatifu wawili. Wenyeji wakadai, na mwaka 2014 jina likarudishwa. Wapo waliosema ni jina la aibu. Sisi tulifurahi liliporudi, kwa sababu jina likifutwa, swali la bunduki zile zilikwenda wapi nalo hufutwa.

Hukumu yetu, basi, ni hii. Hatutaki kiwanda chochote kifufue rivolva ya buluu, kwa bei nafuu wala kwa bei ghali. Ya ghali itakuwa pambo la matajiri. Ya nafuu lazima imdhulumu mtu fulani mahali fulani, ama anayeisugua au anayeelekezewa. Lakini tamaa iliyo ndani ya tamaa hiyo hatuitupi. Mzee wetu hakuililia bastola. Aliyatoa macho yake na kifua chake kwa kazi ambayo haikubaki nayo hata kipande kimoja cha kumwonyesha mjukuu. Kilio hicho ni cha haki, na ni cha wengi wetu tuliofanya kazi nzuri katika nchi hii kwa jina la mtu mwingine.

Tulimpelekea hukumu hii kabla ya kuichapisha, kwa adabu, maana yeye ndiye mwenye jambo. Alisoma kimya, akasema tumeandika maneno mengi. Kisha akauliza nani ana mbuzi ya kukunia nazi. Bibi wa Tanga alikuwa nayo, jino lake limeota kutu nyekundu kwa baridi ya nchi hii. Mzee akaichukua kwake.

Alikaa nayo majuma mawili. Mjukuu ndiye aliyesugua, naye akisimama nyuma akimwambia usikandamize, acha kona. Wakaiotesha kutu, wakaichemsha katika sufuria ya mke wa mwanawe (kukawa na kesi hapo), wakaisugua, wakaanza upya. Mara sita, kijana alituambia, na ya sita ndipo alipoelewa.

Jumamosi iliyopita mbuzi ilirudi barazani. Jino lilikuwa jeusi, ukiligeuza dirishani linakuwa buluu, na meno yake yanakata. Bibi aliipokea, akaipapasa kwa kidole gumba, akasema, “Hii, Mzee, ni sawa.” Bastola ya gesi haikutajwa tena, ingawa hatuwezi kuapa kwa niaba ya kijana.

Mwenye maoni, hasa ndugu zetu waliofanya kazi katika viwanda vya chuma vya mji huu, atuandikie kabla ya toleo lijalo. Na mwenye jembe, panga au kisu kilichoota kutu, mzee anapatikana barazani kila Jumamosi baada ya saa nane. Hatozi kitu, ila chai iwe ya moto.